Theodore Bikel

Theodore Bikel (Vienna, 2 Mei 1924 – Los Angeles, 21 Julai 2015) alikuwa mwigizaji na mwimbaji wa Kiyahudi, mzaliwa wa Austria, aliyepata uraia wa Marekani mwaka 1961. Alipewa jina la Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni.

Ujana

Ujerumani ilipoitwaa Austria mwaka 1938, familia yake ilikimbilia Palestina. Alijiunga na jumba la maigizo la Habima mwaka 1943, akashiriki kuanzisha kundi la maigizo la Cameri, kisha akaenda London kusomea uigizaji.

Filamu na jukwaa

Filamu yake ya kwanza, The African Queen (1951) ya John Huston, ndiyo inayomhusisha na Congo. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa huko, kwenye mto Ruiki, unaomwaga maji Lualaba upande wa Ponthierville (Ubundu). Bikel aliigiza ofisa wa Louisa, meli ya kivita ya Wajerumani. Meli hiyo ya kubuni inafanana na Graf von Götzen, iliyotamba Ziwa Tanganyika. Hivyo mkimbizi aliyewakimbia Wanazi aliingia sinema akiwa amevaa sare ya Kijerumani.

Kwa The Defiant Ones (1958) aliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka uliofuata akawa Kapteni von Trapp wa kwanza wa The Sound of Music huko Broadway, Mwaustria anayekataa kuwatumikia Wanazi. Hata hivyo, kilele chake ni Tevye, muuza maziwa wa Fiddler on the Roof, aliyemwigiza kuanzia 1967 zaidi ya mara 2,000.

Muziki

Alipiga gita na kuimba kwa lugha takriban 20, Kiyidi kikiwa mbele. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa tamasha la muziki wa jadi la Newport (1959).

Harakati

Aliongoza chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kuanzia 1973 hadi 1982. Mwaka 1984 alikamatwa Washington akipinga ubaguzi wa rangi mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini. Kitabu cha maisha yake, Theo, kilitoka mwaka 1994.