Joto la Kujipangia

Nani aamue joto la chumba cha mwanafunzi: mwenye jengo au alalaye humo? Wajenzi wana majibu yao. Sisi walinzi wa lugha tupime maneno.

Joto ni Kibantu halisi, ndugu wa moto na wa kuuota. Ila kwa kipimo halitoshi: Julai hapa Babati, upepo ukishuka kutoka mlima Kwaraa, kinachopimwa ni baridi. Vitabu hutumia halijoto. Mimi napenda jotoridi, lililounga joto letu na mkia wa baridi ya Kiarabu. Pande zote mbili zimo.

Kiyoyozi tumekizoea kama mashine ya ubaridi, hata kile kinachoweza kupasha. Kipupwe cha Babati kinadai kipashajoto.

Pangaboi ni la zamani: mtumishi aliyevuta kamba ya pepeo la darini enzi za ukoloni. Mtu kaondoka, feni ikarithi jina. Panga hilo si letu; letu, la kupanga, laja.

Jengo la kijani? Nairobi, baadhi ya hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani zimepata cheti cha EDGE, kinachodai kupunguza angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati au kaboni ya kutengenezea vifaa vya ujenzi. Rangi haimo. Lisilofuja ni jengo wekevu. Bahili hujinyima, mwekevu hutumia kwa kiasi.

Cheti nacho ni karatasi tu. Ithibati ndiyo hoja: jambo limethibitika.

Bweni, au dahalia kwa Wazanzibari, lina kengele na matroni. Hostelini mwanafunzi ni mpangaji. Tofauti hiyo ni ya mamlaka, si ya vitanda.

Basi kile kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima mashine kwa kufuata kiwango ulichoweka, kwa nini tukiite kidhibitijoto? Kudhibiti kunanuka uaskari. Hudhibitiwa wahalifu na mfumuko wa bei. Napendekeza kipangajoto. Kupanga ni kuweka mambo sawa, na kupanga ni kukaa kwa kodi: neno limemkuta mwanafunzi mlangoni.

Na "udhibiti binafsi wa halijoto ya chumba"? Maneno sita kwa kazi ya kitenzi kimoja: kujipangia. Ji- imebeba nafsi, -ia imebeba faida yake.

Mwenye hosteli Babati atakapobandika tangazo, namwazima sentensi: chumba cha kupanga, joto la kujipangia.