Dola Tano za Ford Zilinunua Nini?

Wengi wetu katika chama hiki tunakaribia kumaliza chuo, na nyumbani tunaulizwa swali moja: "Hiyo unayosomea inalipa?" Ni swali la haki. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na wazazi wetu wamekesha katika kazi za usiku ili sisi tusome. Hata hivyo, historia ya viwanda vya magari hapa Marekani inaonyesha kwamba mshahara una kikomo chake.

Mwaka 1913 kampuni ya Ford ilianza kuunganisha magari kwa mtambo unaotembea, katika kiwanda chake cha Highland Park, Michigan. Kabla ya hapo mafundi walilizunguka gari na kulijenga. Sasa gari lilimfuata mfanyakazi, naye alisimama mahali pamoja akirudia kitendo kilekile kutwa nzima. Kuunganisha chesisi moja kulichukua saa 12 na nusu. Katika muda wa miezi kukashuka hadi dakika 93. Lakini watu waliikimbia kazi hiyo. Ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 mwaka huo.

Januari 1914 Henry Ford alitangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya malipo ya awali, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Maelfu walijazana langoni katika baridi kali, hadi wakatawanywa kwa mipira ya maji. Wanaoacha kazi wakapungua sana.

Hapo mtu atasema pesa ilishinda, na hatumbishii. Lakini tujiulize pesa ile ilinunua nini. Ilinunua uvumilivu. Kazi yenyewe haikubadilika, na ili kupata dola 5 kamili mfanyakazi alipaswa kukubali wakaguzi wa kampuni waje nyumbani kwake kuchunguza anavyoishi.

Uvumilivu huo haukurithiwa. Mwaka 1972, katika kiwanda cha General Motors kilichokuwa Lordstown, Ohio, vijana waliokuwa wakilipwa vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa viwandani waligoma kwa wiki tatu. Mtambo wao ulikuwa umeongezwa kasi hadi magari 100 kwa saa, yaani gari moja kila sekunde 36. Hawakugomea mshahara. Waligomea kasi hiyo, adhabu za wasimamizi, na kazi isiyowaachia nafasi ya kufikiri. Mwaka uliofuata ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya serikali ya Marekani ilikiri kwamba kutoridhika na kazi ni tatizo la taifa.

Hatusemi mshahara ni kitu kidogo. Mwenye kodi ya nyumba na wadogo wa kusomesha hawezi kula kuridhika. Tunachosema ni kwamba mshahara humfikisha mtu langoni, na baada ya hapo huwa na saa 8 za kuishi humo ndani kila siku, kwa miaka mingi.

Basi wazazi wakituuliza kama kazi inalipa, tuwajibu kwa heshima, kisha tujiulize wenyewe maswali mengine: Nani atapanga kasi yangu? Ujuzi wangu utatumika? Nikisema jambo, nitasikilizwa?