Toni Erdmann

Toni Erdmann ni filamu ya kuchekesha ya mwaka 2016, iliyoandikwa na kuongozwa na Maren Ade wa Ujerumani. Winfried (Peter Simonischek), mwalimu wa muziki aliyeachana na mkewe, anafiwa na mbwa wake, kisha anamfuata bintiye Ines (Sandra Hüller) jijini Bucharest, Romania. Binti, mshauri wa makampuni, hana nafasi naye. Mzee anavaa wigi na meno ya bandia, anajiita Toni na kujipenyeza kazini kwake. Ines anapogeuza sherehe yake ya kuzaliwa kuwa ya uchi, baba anatokea amejifunika gubigubi kwa vazi la manyoya la kimila la Bulgaria. Binti anamfuata hadi bustanini, anamkumbatia. Sinema ya karne hii ina matukio machache yanayogusa moyo kiasi hicho. Mwaka huo wa 2016, filamu hii ilitwaa Tuzo ya Filamu ya Ulaya ya filamu bora.