Mapipa ya kemikali ya plastiki si ya kuhifadhia maji

MALORI yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea viwanda vya Athi River na Nairobi hupitia Makutano ya Kyumbi, Kaunti ya Machakos. Miongoni mwa shehena zinazotumia barabara hiyo ni malighafi za kutengenezea plastiki, baadhi yake zikiwa vimiminika vinavyofanana mno na mafuta ya kupikia.

Kimoja cha vimiminika hivyo ni kemikali ambayo wenye viwanda huiita DOP, na ambayo wataalamu huitambua kwa jina DEHP. Kazi yake ni kulainisha plastiki ya aina ya PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu na huvunjika upesi. Njia ya kuilainisha iligunduliwa mwaka wa 1926 na Waldo Semon, mwanakemia wa kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani. Tangu hapo, plastiki laini imetumika kutengeneza nyaya za umeme, mipira ya kunyunyizia maji, viatu, makoti ya mvua na hata mifuko ya kuwekea damu hospitalini.

Sifa zake

DEHP haina rangi, au huwa na umanjano hafifu, na harufu yake ni ndogo sana. Ni nzito na yenye utelezi. Haiyeyuki katika maji, na kwa kuwa ni nyepesi kidogo kuliko maji, huelea juu yake. Hata hivyo, huyeyuka kwa urahisi katika mafuta na vyakula vyenye mafuta kama vile maziwa na siagi.

Kemikali hii haishiki moto upesi kama petroli. Sharti ipashwe joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Lakini ikishawaka, hutoa moshi mzito unaokera macho na koo.

Katika plastiki laini, kilainishi chaweza kufikia asilimia 40 ya uzani wote. Aidha, hakijaungana na plastiki kikemikali, bali kimejipenyeza tu ndani yake. Ndiyo maana hutoka polepole miaka inavyosonga, na waya au koti kuukuu likakauka na kupasuka.

Madhara kwa afya

Mtu aliyeguswa na kemikali hii mara moja kwa kawaida hapatwi na madhara makubwa ya papo hapo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Hofu ya wataalamu ni kuhusu mguso wa muda mrefu. Muungano wa Ulaya umeiweka katika orodha ya kemikali zinazoweza kudhuru uwezo wa kuzaa na mtoto aliye tumboni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, nalo limeiweka katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa sababu hiyo, Muungano wa Ulaya tangu mwaka wa 2007, na Marekani kupitia sheria ya mwaka wa 2008, hawaruhusu kiwango kinachozidi asilimia 0.1 katika vitu vya watoto vya kuchezea.

Hatari ya mapipa

Kwa wakazi wa Ukambani, ambako mvua ni haba na kila familia hutafuta chombo cha kuhifadhia maji, hatari iliyo karibu zaidi ni pipa tupu. Pipa la lita 200 lililobeba kilainishi huacha utando wa mafuta kwenye kuta zake, na kulisuuza kwa maji matupu hakuwezi kuuondoa. Kuweka mafuta ya kula au maziwa humo ni vibaya zaidi, kwani vyakula hivyo huyeyusha kilichosalia.

Isitoshe, mnunuzi hawezi kujua kwa macho ni kemikali gani iliyokuwamo. Kuna vilainishi vyenye sumu kali kuliko DEHP. Mwaka wa 1959 mjini Meknes, Moroko, watu wapatao 10,000 walipooza viungo baada ya kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege. Mafuta hayo yalikuwa na trikresili fosfeti, kemikali ambayo pia hutumika kulainisha plastiki.

Namna ya kuishughulikia

Anayeifanyia kazi anapaswa kuvaa glavu zisizopenyeza mafuta, miwani ya kukinga macho na mavazi yanayofunika mwili. Inapopashwa joto kiwandani, hewa sharti ipite vizuri. Asile wala kuvuta sigara mahali pa kazi, na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Ikimwagika, izuiwe kwa mchanga au vumbi la mbao, kisha izolewe na kuwekwa katika chombo chenye kifuniko. Isisukumwe kwa maji hadi mtaroni au mtoni. Ikishika moto, izimwe kwa povu, poda kavu au gesi ya kaboni, kwani maji ya kasi huyatawanya mafuta yanayowaka.

Ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitalini pamoja na lebo ya chombo.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga na maelezo ya usalama kuhusu kemikali wanazotumia. Utupaji wa taka hatari husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Kwa mnunuzi wa kawaida, lebo ndiyo kinga ya kwanza. Pipa lenye picha ya mtu aliye na nyota kifuani limebeba kitu kinachodhuru mwili polepole. Na pipa ambalo lebo yake imebanduliwa, hata likiuzwa kwa bei nafuu kiasi gani, lisitiwe maji ya kunywa.