Ufunguo wa Bweni

Hawe, nyanya yangu, hakujua kusoma. Lakini kila kaskazi ilipovuma na majani ya Ganze kukauka, alipalilia kuzunguka nyumba yake ya nyasi mpaka ardhi ikabaki tupu. Jivu la mafigani hakulitupa kabla ya kulimwagia maji. Mamake alimsimulia habari za mwaka 1914, serikali ya Waingereza ilipoilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti na askari wake wakachoma nyumba zao. Kwa Hawe, moto ulikuwa kitu cha kukaguliwa kila jioni, na mkaguzi ni yule anayelala ndani.

Machi 1998 nilikuwa matroni kijana katika shule ya bweni. Usiku nilifunga mlango kwa nje, ufunguo nikauvaa shingoni; niliamini nawalinda wasichana. Ndipo redio ikatangaza moto wa shule ya wasichana ya Bombolulu, kule Mazeras, hapa hapa pwani: wasichana 26 wameteketea bwenini, madirisha yana nondo. Nilishindwa kulala. Hata hivyo kesho yake nilifunga tena, kwa sababu ndiyo amri niliyopewa. Hilo linaniuma mpaka leo. Machi 2001 ikaja shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Huko pia mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Mwaka 2007 zilitoka kanuni za kupunguza hatari za moto kazini: ukaguzi na zoezi la kutoka kila mwaka, na kikosi cha wafanyakazi waliofunzwa kuzima. Mwaka uliofuata, mwongozo wa usalama shuleni ukaagiza milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo.

Mafunzo yalitufikia kwa kuchelewa. Mkufunzi hakuanza na mtungi wa kuzimia moto. Alitugawia karatasi, mimi, mpishi na mlinzi, akasema tuzunguke tuandike: nini kinaweza kuwaka, nini kinaweza kukiwasha, nani atashindwa kutoka. Mpishi aliandika kuni zilizorundikwa kwenye ukuta wa jiko. Mlinzi akaandika mlango wa pili wa bweni, uliozibwa kwa masanduku tangu muhula uliopita. Alikuwa akiuona kila usiku, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi niliandika magodoro ya sponji, mishumaa, halafu ufunguo wangu mwenyewe. Mkono ulitetemeka.

Nondo za madirisha yetu zilikatwa. Masanduku yakahamishwa.

Septemba 2024, wavulana 21 walipokufa kwa moto wa bweni Endarasha, Nyeri, nilimwomba mwalimu mkuu tufanye zoezi usiku wa manane, si mchana kama ilivyo desturi. Nilipowahesabu uwanjani alikosekana mmoja, msichana anayetembea kwa magongo. Nilimkuta katikati ya chumba, wenzake wamempita gizani, gongo moja limeingia chini ya kitanda. Asubuhi tuliandika upya ile tathmini yetu ya hatari za moto. Kitanda chake sasa ni cha kwanza kando ya mlango, na wasichana wawili wa kumshika mkono wameandikwa kwa majina ukutani.