Uamsho wa Gahini na Uongozi wa Kanisa Afrika Mashariki

Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930 haukuanzishwa na maaskofu. Chimbuko lake ni Gahini, kituo cha misheni ya Kianglikana mashariki mwa Rwanda, ambako Mwingereza Joe Church alikuwa daktari. Mwaka 1929, akiwa amechoshwa na kazi ya kuhudumia watu wakati wa njaa kali, alikwenda Kampala. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda ambaye hakuwa na daraja lolote la kanisa. Walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba.

Walichokililia kilikuwa wazi. Kanisa la Uganda lilikuwa limepita miaka 50 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1877. Lilikuwa na makasisi wazawa, shule na waumini wengi, lakini wengi wao walikuwa Wakristo wa jina tu, waliobatizwa ili wapate elimu au cheo. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na shemasi aliyefundisha Gahini, alitaka viongozi waulizwe sababu ya ubaridi huo na sababu ya watu wanaoishi dhambini waziwazi kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Aliandaa hoja zake kwa ajili ya sinodi, lakini akafariki Januari 1936 kabla ya kuziwasilisha mwenyewe.

Wafuasi wa uamsho, au Walokole kama walivyokuja kuitwa, walikutana kila juma katika ushirika. Mtu aliungama dhambi zake mbele ya wenzake, akataja wizi, uzinzi au chuki kwa jina lake, kisha akaenda kurudisha alichoiba na kupatana na aliyemkosea. Ushirika haukuwa na orodha ya wanachama, mishahara wala makao makuu. Mambo yaliamuliwa na kundi la ndugu wazee kwa kuomba na kushauriana, na wanawake walisimama kushuhudia sawa na wanaume. Kasisi alikuwa ndugu kama wengine na aliweza kukemewa na mkulima. Hata wamisionari kadhaa walitubu kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, jambo zito mno katika nchi iliyotawaliwa na wakoloni.

Ukali huo ulileta mgogoro. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker huko Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi chuoni. Wakuu wa chuo waliona uasi. Wanafunzi waliona utii kwa Mungu. Walokole nao hawakukosa lawama, kwani baadhi yao waliwahukumu wenzao upesi, wakamwona asiyesimulia wokovu wake kwa namna yao kuwa bado yuko gizani. Hata hivyo, walio wengi walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana. Uamuzi huo ndio uliowapa nguvu kuliko yote, kwa sababu uliuingiza uamsho parokiani badala ya kuzaa dhehebu jingine.

Kenya ilifikiwa mapema, na mkutano mkubwa ukafanyika Kabete mwaka 1937. Wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya wakoloni, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na baadhi yao wakauawa. Upande wa Tanganyika, uamsho uliingia Bukoba na kuwagusa Walutheri. Mmoja wao, Josiah Kibira, alikuja kuwa askofu na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977.

Hivyo, watu waliozoea kuulizwa habari za maisha yao na majirani wakaanza kupewa uaskofu. Obadiah Kariuki wa Kenya aliwekwa wakfu mwaka 1955. Festo Kivengere akawa askofu wa Kigezi, Uganda, mwaka 1972. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, akawa askofu mkuu wa Uganda mwaka 1974. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma za askari wake. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo. Kivengere alikimbilia uhamishoni, akarudi baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, na akaendelea kuwa askofu wa Kigezi hadi alipofariki mwaka 1988.