Uzi: Maji na Soda Kwenye Kapu Moja la Ushuru

1/ Kila msimu wa Mswada wa Fedha, mitandao hugawanyika. Kundi moja: "Pandisheni ushuru wa vitu tamu, vinaharibu watoto." Lingine: "Mwacheni mwananchi ale anachotaka, mzazi ndiye anajua." Wote huongea kana kwamba hii hadithi ilianza jana. Haikuanza jana. Hebu turudi nyuma kidogo, ndio tujue swali la kumwuliza kiongozi akija Thika. Sitataja mtu wala chama.

2/ Tuanze na sukari yenyewe. Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922. Ramisi huko Pwani kikafuata 1927. Baada ya uhuru serikali ikaingia shambani kwa miguu miwili: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978, Sony 1979. Yaani serikali ilikuwa mwamuzi wa soko na mwenye kiwanda kwa wakati mmoja. Ukiwa na duka la switi, ni ngumu kuwa daktari wa meno wa mtaa huohuo.

3/ Ndiyo maana siasa ya sukari Kenya ina lugha yake: mkulima hajalipwa, kiwanda kimefungwa, nani amepewa kibali cha kuleta sukari ya nje. Haya ni mambo mazito, kuna familia zilikosa karo kwa sababu yake. Lakini angalia nani hayuko kwenye hayo mazungumzo: mlaji wa miaka saba. Hata 2011, Sheria ya Kudhibiti Bei ya Bidhaa Muhimu ilipojadiliwa, sukari ilitajwa pamoja na unga wa mahindi na mafuta. Hofu ilikuwa sukari kuwa ghali. Sukari kuwa nyingi mno haikuwa hoja ya mtu.

4/ Tuwe wa haki: serikali ishawahi kumchagulia mtoto cha kunywa saa ya mapumziko. Mwaka 1979 ulianza mpango wa maziwa ya bure kwa shule za msingi. Waulize wazazi wako kuhusu maziwa ya Nyayo na zile pakiti za pembe tatu, utaona watakavyotabasamu. Miaka ya 1990 pesa zikapungua na mpango ukafifia. Njaa ya saa nne asubuhi haikuondoka nao. Ilibaki pale pale, ikingoja mwenye kitu cha bei ya sarafu moja mlangoni pa shule.

5/ Na hapo ndipo biashara ya vitu tamu ilipo. Tukisikia "matangazo" tunafikiria televisheni na mabango ya Thika Road. Tangazo lenye nguvu zaidi ni bei na mahali. Duka likikosa chenji unapewa switi: umenunua bila kuamua kununua. Kwenye supamaketi, rafu ya peremende iko kando ya foleni ya kulipia, tena kwa urefu wa macho ya mtoto. Pakiti ina katuni. Nani ashawahi kuona katuni kwenye ngwaci?

6/ Sasa sikia sheria inavyosema, hapa ndipo penyewe. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka maji ya chupa na vinywaji visivyo na kileo, soda ikiwemo, kwenye kapu moja: shilingi 5 kwa lita. Juisi ya matunda ikawekwa shilingi 10 kwa lita, iwe imeongezwa sukari au haijaongezwa. Kufikia marekebisho ya 2022 viwango vilikuwa 6.41 na 14.14. Soma tena polepole. Lita ya maji na lita ya soda zinalipa sawa. Juisi isiyo na kijiko cha sukari ya kuongeza inalipa zaidi ya mara mbili ya soda.

7/ Peremende nazo zikaingizwa 2018, shilingi 20 kwa kilo. Piga hesabu: switi ya gramu 4, kilo moja ni switi 250. Kila moja ikabeba senti 8. Hakuna mtoto wa Makongeni atakayeacha switi kwa sababu ya senti 8, na hakuna kiwanda kitakachobadilisha mapishi. Ushuru wa aina hiyo unakusanya pesa tu. Ukitaka kujua nia ya sheria, usisikize hotuba. Angalia inapima nini: lita na kilo, wala haiulizi sukari ni kiasi gani.

8/ Halafu ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea. Thika tulisikia mara mbili: kama walaji, na kama mji wa Bidco na Kenblest, ambako watu huamka alfajiri kwenda zamu. Mkate ulitolewa kwenye mapendekezo, na mwezi huo wa Juni, baada ya maandamano, mswada wote ukaondolewa. Somo? Mtu akiona mkono mfukoni mwake, hawezi kukusikiza ukimwambia ni kwa afya yake. Na ana haki, kwa sababu haonyeshwi pesa hizo zitarudi kwenye sahani ya nani.

9/ Turudi kwa zile hoja. Ya kwanza: "Ni uamuzi wa mzazi." Kweli, lakini Kenya ishaamua mara mbili kwamba mzazi hawezi kushindana peke yake na matangazo. Sheria ya Tumbaku ya 2007 ilibana matangazo ya sigara. Sheria ya 2012 ya vibadala vya maziwa ya mama ilizuia kuwatangazia akina mama maziwa ya kopo, miaka 31 baada ya kanuni ya WHO ya 1981. Tena mkataba wa kimataifa wa tumbaku, ambao Kenya iliuridhia 2004, unagusa hadi peremende zenye umbo la sigara. Kwa hivyo "serikali haiwezi kuingilia" si kweli. Ishawahi kuingilia, na mbingu hazikuanguka.

10/ Ya pili: "Maskini wataumia." Hii msiidharau. Mexico iliweka peso 1 kwa lita ya vinywaji vyenye sukari Januari 2014. Ununuzi ulipungua, na ulipungua zaidi kwa kaya maskini. Unaweza kusema wamelindwa, unaweza kusema wamebanwa. Yote mawili yana ukweli. Tofauti inaletwa na jambo moja: je, kitu kizuri kimekuwa rahisi zaidi, au kibaya kimekuwa ghali tu? Kupandisha soda huku maji yakipanda nayo ni kumfungia mtu mlango na dirisha pamoja.

11/ Ya tatu: "Viwanda vitafungwa, vijana watakosa kazi." Kwa mji wetu hii ni ya uzito. Lakini Uingereza ilipoweka tozo Aprili 2018, iliipanga kwa viwango kulingana na sukari iliyomo. Kampuni nyingi zilipunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza, ili zisilipe. Mashine zikaendelea kuzunguka, kilichobadilika ni mapishi. Chile nayo, tangu 2016, inaweka alama nyeusi mbele ya pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, na ikaondoa katuni kwenye vyakula hivyo.

12/ Na si lazima twende Chile. Ruiru hapa, mwaka 2012, Wawira Njiru alianza kupikia watoto 25 wa shule chakula cha mchana. Kazi hiyo ikawa Food4Education, na 2023 ikashirikiana na Kaunti ya Nairobi kwenye Dishi na County, ambapo mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani. Shilingi 5! Hiyo ni bei inayoweza kushindana na switi mlangoni pa shule. Mtoto aliyeshiba hahitaji mahubiri marefu kuhusu biskuti.

13/ Tukingoja sheria, tusikae tu. Mtoto akipewa mbao, ndizi, njugu, mahindi ya kuchemsha au kipande cha nanasi bado vinapatikana kwa mama mboga. Kwa vitu vya pakiti, soma orodha ya viungo: kinachotangulia ndicho kingi zaidi. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima. Soda ya kawaida ya nusu lita inaweza kuzimaliza zote. Na duka likikupa switi kama chenji, una haki ya kusema: nipe sarafu yangu.

14/ Lakini msikubali mwanasiasa awarudishie mzigo wote kwa "wazazi wawe makini." Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Kifungu cha 46 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Kwa hivyo ushiriki wa umma ukifika Kiambu, usiende kusema tu "tunakataa" au "tunaunga." Simama uulize matatu: Kwa nini maji na soda ziko kapu moja? Ushuru wa vitu tamu utalipia sahani ngapi za shule, na wapi? Na katuni kwenye pakiti, ni nani aliyeziruhusu ziongee na mtoto wangu kabla yangu? Atakayejibu kwa namba, mskize. Atakayejibu kwa wimbo, mnamjua.